Jumamosi za Clem Duckworth

Nimechoka. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nimechoka na mkate, nimechoka na siagi, nimechoka na suruali nyeupe zenye madoa ya majani ambayo hayatoki hata uyachemshe mpaka kesho. Watu wa Brindleshaw wakinikuta dukani huniambia, "Bi Hetty, mumeo ni kiboko! Umri ule na bado anacheza!" Nami hucheka, kwa sababu ukiwa mke wa Clem Duckworth hiyo ndiyo kazi yako, kucheka na kufua.

Clem hucheza kriketi majira ya joto na mpira wa miguu majira ya baridi, na hajapata kulipwa hata peni moja. Katika ligi yetu ya kriketi kila klabu ina mchezaji mmoja wa kulipwa. Waliobaki ni watu wa viwandani wanaocheza kwa mapenzi yao, na kwa mapenzi hakuna anayemfikia mume wangu. Jumatatu mpaka Ijumaa anatia vitambaa rangi katika kiwanda cha kando ya mto, na mikono yake hugeuka ya buluu au ya kijani kutegemea wateja wametaka nini. Siku hizo zote hayupo. Anakula, anajibu, analala, lakini hayupo. Jumamosi ikifika utamwona amekuwa mtu.

Alipokuwa kijana, mabwana wawili wenye kofia ngumu walikuja nyumbani kwa mama yake. Walitumwa na klabu kubwa ya mpira ya mjini, wanataka kumwajiri. Tulikuwa wachumba wakati huo. Mimi nilikaa jikoni nasikiliza, nimeshachagua mpaka rangi ya mapazia. Nikamsikia Clem akiwaambia, "Mkinilipa itakuwa kazi. Sasa nikiwa kazini Jumatatu mpaka Jumamosi, nitacheza lini?" Wale mabwana wakatazamana, wakamaliza chai yao, wakaenda zao. Clem akaona ametoa jibu la maana sana. Mpaka leo hulisimulia, na mpaka leo mimi nikilisikia hutoka nje kuangalia kama nguo zimekauka.

Tulioana siku ya Jumatano. Binti yetu Enid alizaliwa Jumamosi ya nusu fainali, na baba yake akaja kumwona akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mkunga akamfukuza kwa ufagio. Enid sasa ameolewa yuko Preston, na harusi yake tuliipanga kwa kutazama ratiba ya mechi. Sisemi kwamba Clem ni mtu mbaya. Hajanipiga, hanywi kupita kiasi, na hajawahi kunidanganya. Shikeni hilo la mwisho, maana ndilo lililoniumiza.

Mimi nilianza kufuma pamba nikiwa na miaka kumi na mitatu. Vumbi la pamba ukilivuta siku zote linakaa kifuani, halitoki tena. Miaka ya kwanza unakohoa Jumatatu tu, baadaye unakohoa kila asubuhi, halafu unaanza kupanda ngazi za nyumbani kwako kwa vituo. Majira ya baridi yaliyopita nililala wiki nzima nikiwa nimekaa, mito mgongoni, nikilala chali pumzi inakatika. Daktari akaja, akanisikiliza, akavua miwani yake. "Bi Duckworth," akasema, "kifua hiki hakiwezi tena moshi na ukungu wa bonde hili. Nenda ukakae baharini. Sikuambii kwenda kutembea, nakuambia ukakae."

Dada yangu Dorcas ana nyumba ya wageni Morecambe, ufukweni kabisa. Ni mjane, mgongo unamsumbua, na alikuwa akitafuta mume na mke wa kumsaidia: mke jikoni, mume wa kupanda juu ya paa na kuzibua mabomba. Akasema atatungoja mpaka mwisho wa Septemba, tusipokwenda atatafuta wengine. Nikamwambia Clem. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na moto, goti lake la kulia limevimba baada ya mechi, nimemfunga bandeji iliyolowa dawa ya kuchua. Alinitazama nikikohoa mpaka nikamaliza.

"Sawa, mama," akasema. "Msimu huu wa kriketi unaokuja ndio wa mwisho. Ukiisha, tunakwenda."

"Na mpira wa miguu?"

"Goti lenyewe hulioni?"

Nililia, sioni haya kusema. Nikamwandikia Dorcas siku ile ile. Msimu mzima wa joto nilipaka siagi mikate ya klabu kwa moyo mweupe, nikijua kila Jumamosi inayopita imepita moja kwa moja.

Sasa ngojeni niwaambie ile Jumamosi ya mwisho. Tulikuwa tunacheza na Calderfoot nyumbani kwetu, na mshindi ndiye anachukua ligi. Brindleshaw hatukuwa tumelichukua kombe hilo tangu kabla ya vita. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, na nyasi zikanuka vizuri. Mimi nilikuwa katika banda la klabu tangu saa nne na shoga yangu Agnes Entwistle, tunakata mikate ya nyama ya kopo. Sukari ilikuwa bado ya kadi ya mgao, kila mke amekuja na kijiko chake cha sukari kwenye karatasi, na Agnes akiyalinda makaratasi yale kama askari wa benki.

Kabla mechi haijaanza, Alf Pilling akatia kichwa dirishani. Pilling ni kapteni wa kriketi, na pia ndiye katibu wa timu ya mpira. Hana mke, ana klabu mbili.

"Shemeji," akaniambia huku anachomoa kipande cha mkate, "jezi ya Clem ya mpira umeitia kiraka? Wiki ijayo tunacheza na Mossfoot, na wenzake wamecheza mechi mbili bila yeye, wamefungwa zote."

"Weka mkate chini," nikasema. "Wiki ijayo Clem anafunga mizigo. Tunahamia Morecambe, hujasikia?"

Pilling akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akafunga mdomo ghafla. "Ah, kweli, kweli," akasema. "Nilisahau, shemeji. Kazi nyingi." Akaondoka na mkate wake.

"Huyu naye ana nini?" nikamwuliza Agnes.

"Pilling? Tangu lini akawa na akili," akajibu, lakini hakunitazama.

Nikaenda kumtafuta Clem. Alikuwa nyuma ya banda anapaka mafuta gongo lake la kupigia mpira, ametulia kabisa. Nikamwambia alivyosema Pilling. Akasema, "Yule ana maneno mengi, Hetty. Acha nicheze leo." Nikamwacha. Ningemwuliza pale pale, lakini sikuuliza. Nilijiambia simwulizi kwa sababu ana mechi. Uongo. Clem ukimwuliza kitu kwa jina lake anakujibu, na mimi niliogopa jibu.

Calderfoot walianza kupiga. Wakapata mikimbio mingi, ndiyo pointi za kriketi, lakini si mingi mno. Ikafika saa ya chai, wakaja wote ishirini na wawili pamoja na waamuzi wakala kama nzige, na nusu yao hawakusema ahsante. Mzee Nuttall, mwamuzi, alikunywa vikombe vitatu akaniambia chai ya leo ina ladha ya birika. Nikamwuliza ya jana ilikuwa na ladha gani. Wakatoka tena, sisi tukabaki na vyombo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu kila mtu analijua na wanaume wanalisahau kila siku. Ndani ya chumba cha mitambo ya kufumia, hata mtu akupigie kelele sikioni husikii. Kwa hiyo sisi wafumaji husemezana kwa midomo. Unamtazama mwenzako ng'ambo ya chumba, anatamka polepole bila sauti, nawe unasoma. Baada ya mwaka mmoja hata hujui kwamba unasoma. Ukienda kanisani unajua nani anamsema nani viti vya mbele. Ukiwa upande huu wa barabara unajua bei waliyopatana upande ule.

Nilikuwa nimesimama dirishani nakausha vikombe. Ng'ambo ya uwanja, kwenye lile gurudumu la kusawazishia nyasi, Clem na Pilling walikuwa wamekaa wakingoja zamu zao za kupiga. Uso wa Pilling umenielekea.

"Umemwambia?" Pilling akauliza.

Clem akatikisa kichwa.

"Mwambie, ndugu yangu. Leo nusura niharibu. Tangu Julai umenikubalia kucheza mpira, na ukapteni wa kriketi wa mwaka kesho tumeshakupitisha, sasa utamficha mpaka lini?"

Clem akageuka upande wangu kidogo, akawa anatazama mechi, na midomo yake nikaiona vizuri sana, ile midomo ninayoijua. "Ikiisha leo," akasema. "Nitamwambia ikiisha leo."

Kikombe hakikuniponyoka. Nilikikausha, nikakiweka juu ya vingine, nikachukua kingine. Nikageuka nikamwona Agnes amesimama nyuma ya bega langu na kitambaa chake. Agnes alifuma pamba miaka mingi kuliko mimi. Akachukua sukari yake mwenyewe iliyokuwa kwenye karatasi, akaimimina yote katika kikombe cha chai, akanisogezea.

"Kunywa, shoga," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Mtaa mzima unajua. Mimi niseme nini? Mume si wangu."

Nilitaka kutoka pale, nikatize uwanja na aproni yangu, nimshike Clem shati mbele ya Calderfoot wote. Hasira ilinibana mpaka kikohozi kikaanza, nikashikilia meza, Agnes akanipiga mgongoni. Kilipokwisha, wenzetu wawili walikuwa wametolewa, na Clem alikuwa anaingia na gongo lake.

Basi nikatazama. Nifanye nini? Miaka yote hiyo namtazama, macho yameshazoea. Anapotembea kuingia huwa anachechemea hatua za mwanzo, halafu goti linapata moto. Akapiga vizuri, jamani. Hapigi kwa nguvu siku hizi, anausukuma tu pale pasipo na mtu. Yule mchezaji wetu wa kulipwa akatolewa, Pilling naye akatolewa, wakaja vijana wakatolewa haraka haraka, na Clem yupo pale pale. Jua likashuka nyuma ya mabomba ya moshi ya viwanda. Watu wakanyamaza, kila mkimbio mmoja unapigiwa makofi. Ikabaki kidogo sana. Mapigo mawili mazuri tu, kombe ni letu.

Kisha yule mrushaji wao mrefu akatupa mpira mmoja, ukadunda ukaruka, Clem akanyoosha gongo, mpira ukapita, mlinda vijiti wao, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, akaudaka. Mpira ukigusa gongo ukadakwa hewani, mpigaji ametoka. Usipogusa, hakuna kitu. Calderfoot wote wakaruka wakamlilia mwamuzi. Hakuna mtu aliyesikia kitu, wala mimi, wala watu wa ukutani. Mzee Nuttall akatikisa kichwa. Hajatoka. Uwanja mzima ukapumua.

Clem akalitazama gongo lake. Akamtazama Nuttall, nami nikamwona akisema, "Umegusa, mzee." Nuttall akasema, "Mimi sikusikia." Clem akasema, "Mimi nimeusikia mkononi." Akavua glavu, akalitia gongo kwapani, akaanza kutembea kutoka.

Kwetu watu wa zamani walikuwa na desturi hiyo. Mtu asiyelipwa hangoji kuambiwa. Akijua ametoka, anatoka mwenyewe. Lakini ilikuwa desturi ya kusimuliwa, hasa kwa mechi walizocheza babu zetu. Fainali ya ligi, bado kidogo, mwamuzi amekataa, mtu atoke mwenyewe? Watu hawakuamini. Alitembea uwanja wote ule katika kimya, na alipofika karibu na kamba sauti moja ikasema, "Clem Duckworth, mjinga mkubwa wee!" Baada ya hapo zikawa nyingi. Kijana aliyeingia baada yake, wa mwisho wetu, alitolewa mpira wa kwanza. Calderfoot wakabebana mabegani.

Mimi nilikuwa bado nimesimama dirishani na hasira yangu ya kwanza, na sasa nikapata hasira ya pili juu yake. Pilling alikuja bandani, uso mweupe. "Shemeji, umeona? Umeona alichotufanyia? Angenyamaza tu! Nani alimwuliza?"

"Toka," nikamwambia.

"Mimi nasema tu kwamba..."

"Wewe Alf Pilling, mume wangu si mwongo. Ulitaka kombe la wizi ukaliweke wapi, kwenye kabati yako pale pembeni ya kitanda kisicho na mtu? Toka, nisikumwagie maji ya vyombo."

Akatoka. Agnes akanitazama kwa macho ya ajabu. "Baada ya yale uliyoyaona," akasema, "bado unamtetea?"

"Niache, Agnes," nikasema. "Mimi mwenyewe sijielewi."

Tulirudi nyumbani na begi lake kati yetu, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa begi. Watu waliokuwa milangoni hawakutusalimu. Bwana mmoja aliyefanya kazi na Clem miaka yote alifunga mlango wake tulipokaribia. Clem alichechemea hajui atazame wapi. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika upya.

Nikawasha moto, nikamwekea beseni la maji ya moto, akatia miguu. Nikamkatia mkate na jibini, hakula. Nikakaa mbele yake.

"Hetty," akaanza, "siwezi kuondoka sasa. Umewaona. Watasema nimewapotezea kombe nikakimbia. Nipe msimu mmoja tu, nilipe, halafu..."

"Clem," nikasema. "Tungeshinda leo, tungekwenda Morecambe?"

Hapo ndipo nilipomwuliza. Swali moja, kwa jina lake. Nilimwona akilitafutia njia. Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo. Angesema ndiyo, kombe lililopotea ndilo lingekuwa limetuzuia, lawama zingekuwa za Calderfoot, nami ningelala na hilo. Maji yalikuwa yanatoa moshi miguuni pake. Akanyanyua macho.

"Hapana," akasema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nadhani tangu mwanzo."

"Na ile ahadi ulipokuwa umekaa hapo hapo?"

"Ulikuwa unakohoa sana, mama. Nilitaka upumzike."

"Nilipumzika," nikasema. "Nimepumzika miezi minane."

Akajifuta uso kwa kiganja, kiganja chake cha buluu. "Nikienda kule nitafanya nini? Nipande juu ya paa la Dorcas, nishuke, halafu Jumamosi ifike? Sijui mtu kule. Mimi bila Jumamosi sijui mimi ni nani, Hetty. Ningekufa."

"Na mimi nikikaa hapa baridi hii nitakufa," nikamwambia. "Tena mimi si maneno tu. Mimi daktari amesema."

"Najua."

"Unajua?"

"Ndiyo."

Nilingoja. Mungu wangu, niliwahi kungoja kitu katika maisha yangu namna ile? Niliisikia saa ya ukutani, nikasikia mlango wa jirani. Ningekubali chochote. Angesema tu nisiende, ningebaki nikafa kwa upumbavu wangu. Angesema anakuja, ningemsamehe Julai na Pilling na mikate yote.

"Basi nenda, mama," akasema. "Nenda upone."

Nilichukua beseni nikamwaga maji nje. Nilikaa huko uani na beseni mikononi mpaka baridi iliponifukuza.

Dorcas aliponijibu alisema nije hata peke yangu, mwanamume wa paa tutamkodi. Nikafunga mizigo wiki ile. Clem alinisaidia, alifunga kamba za sanduku vizuri sana, kila fundo mara mbili. Tulizungumza kama watu wanaopangishana chumba. Nikamwonyesha soda ya kufulia iko wapi na jinsi ya kuzitoa tope jezi kabla hazijakauka. Akasema nisiwe na wasiwasi, atakuja.

"Lini?"

"Krismasi."

"Krismasi mnacheza na Calderfoot."

Akafikiri. "Basi baada ya Krismasi."

Treni yangu ilikuwa Jumamosi mchana. Hakukuwa na nyingine ya moja kwa moja, nisije nikaambiwa niliichagua kwa makusudi. Clem akabeba sanduku mpaka stesheni, koti lake la mvua juu ya kaptula na soksi ndefu, njumu zimefungwa kamba shingoni. Mkuu wa stesheni alijifanya kuangalia mbali. Tukakaa kwenye benchi. Treni ilikuwa imechelewa, na Clem alikuwa anaiangalia saa kubwa ya pale juu halafu anaangalia njumu zake, halafu saa, na goti lake linacheza lenyewe.

"Nenda," nikasema. "Utachelewa."

"Naweza kungoja kidogo."

"Clem. Nenda."

Akasimama. Akaniinamia akanibusu shavuni, na uso wake ulikuwa umelowa, sikujua ni mvua au ni nini, nikaona heri nisijue. Akatembea mpaka mlangoni anachechemea, akageuka mara moja. Akatoka. Nilisikia njumu zikigongana mpaka kwenye kona.

Treni ilikuja baada ya muda. Nikapata nafasi dirishani, mbele yangu mama mmoja wa makamo na kikapu chake cha mayai. Tukaondoka. Ukitoka stesheni ya Brindleshaw reli inapanda juu ya tuta, na chini ya tuta ndipo ulipo uwanja wa mpira. Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Mechi ilikuwa imeshaanza. Nilimwona mara moja, upande wa kushoto, yule mwenye nywele zilizopungua, anarudi nyuma taratibu kumkaba kijana mmoja wa Mossfoot mwenye miguu mirefu. Treni ikapiga honi. Clem akasimama. Akageuka kabisa, akaupa mchezo mgongo, akanyanyua mkono juu akautazama mstari wa mabehewa, hajui mimi niko behewa gani, anautafuta uso wangu dirisha baada ya dirisha. Na nyuma yake yule kijana akapata mpira, yuko peke yake, njia nyeupe.

Nikajikuta nimesimama. Nagonga kioo kwa pete ya ndoa, napiga kelele humo ndani ya behewa: "Nyuma yako, Clem! Mpira! Nyuma yako!" Hakunisikia, atanisikia wapi. Alibaki vile vile na mkono juu. Wenzake walikuwa wanamfokea, Pilling anaruka ruka kando ya mstari wa chaki, na kijana yule akapita, akapiga, wavu ukatikisika. Kisha tukaingia kati ya kuta za mawe na uwanja ukapotea.

Nikakaa. Nilikohoa sana, mpaka yule mama akaweka kikapu chake chini, akanishika mkono akaningojea. Nilipotulia akanipa leso.

"Yule unamfahamu?" akaniuliza.

"Ni mume wangu."

Akanitazama, akalitazama sanduku langu na zile kamba zake. "Masikini. Na hivi unavyoumwa, mbona hakukusindikiza?"

"Leo ana mechi," nikamwambia.